Ule mwaridi wako

Bwiru, Mwanza
4 Oktoba

Mama Doto mpendwa,

Mwangaluka! Najua huko Arusha hawaitikii hivyo, lakini wewe umezaliwa Magu, itika tu. Huku hatujambo. Baba Pendo mguu umepona, anapanda kilima chetu bila kulalamika.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikwepe simu zako. Kila ukiuliza mwaridi unaendeleaje, nilikuwa najibu umestawi. Na ulistawi kweli. Tangu Januari nilipoupokea stendi ukiwa ndani ya ndoo, hadi Julai ulishanipita kimo: fito ndefu za kijani, majani tele, wapita njia wanasifia. Ua? Hata la kusingizia hakuna. Nikaongeza samadi. Nikafukia na matumbo ya sato shinani, usiku mbwa wa mtaa wakaja kufukua, nusura waung'oe na mwaridi wenyewe.

Mwezi wa nane akaja mzee mmoja muuza miche, nilimwita kwa ajili ya mipapai. Wala hakutazama majani. Alichuchumaa, akafukua udongo kwa vidole, akanionyesha kifundo kwenye shina, kinene kama goti la kuku. "Mama," akasema, "umenyonyesha mtoto wa jirani, wa kwako kalala njaa."

Kumbe mwaridi wako umebebeshwa, umeungwa juu ya shina la mwingine! Juu ya kifundo ndiyo waridi lenyewe. Chini yake ni mwaridi wa mwituni, uliowekwa kwa ajili ya mizizi yake migumu. Zile fito zangu za kujivunia zote zilitoka chini. Maotea matupu, machipukizi ya huo wa mwituni. Waridi lenyewe lilibaki na vijiti viwili vyembamba kama vya mishikaki, vimefunikwa kivulini, vina manjano.

Nikakimbilia kisu, mzee akanizuia. Ukiyakata, macho ya chini, yale yanakochipua matawi, yanabaki, yanarudi matatu pale palipokuwa na moja. Unafukua mpaka oteo linapoungana na mzizi, unalishika (mimi nilizungushia gunia, miiba ile haina huruma), kisha unalivuta kwa kuelekea chini lichomoke na kisigino chake. Yalikuwa saba. Kila moja lilitoka na mlio wa muwa unaopasuka, na mimi roho iliniuma kama nachinja kuku wa mayai. Na wanaosema uhesabu vijani vya kila jani, saba ni wa mwituni, tano ni wa kupandwa, usiwasikilize sana. Kwangu vilichanganyika. Fuata fito hadi ilikotokea.

Vile vijiti viwili tukavipogolea, kila kimoja juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mkato wa mshazari. Maji sasa naupa mwaridi asubuhi, ndoo moja, shinani tu. Wakati wa masika nilikuwa nauogesha kwa mpira jioni, majani yakilala na maji, nikavuna madoa meusi kila jani. Niliyachuma yote nikachoma, sikuyatupa kwenye shimo la mboji.

Shida iliyobaki ni hili jiwe letu la nyuma ya jiko. Unalikumbuka, ulilianikia dagaa. Linashika jua mchana kutwa, na saa mbili usiku ukiweka kiganja bado lina joto, na kichanga cha hapa hakikai na maji. Nimetandaza makapi ya mpunga unene wa vidole vinne, nikaacha nafasi kidogo yasiguse shina. Pimbi nao walishaonja chipukizi moja, nimezungushia wavu. Baba Pendo anasema ua lina ulinzi kuliko yeye.

Lakini barua hii nimeiandika kwa sababu ya leo asubuhi. Juu ya kijiti cha kushoto kuna tumba, kubwa kama punje ya karanga, na ngozi yake ya kijani imepasuka upande mmoja. Ndani kuna rangi inachungulia. Nimepiga magoti kabisa kutazama, chai ikapoa. Kuna wakati naona nyekundu, jua likipiga naona kama ya chungwa. Wewe uliniambia tu "utaipenda".

Usiniambie. Na ukija Desemba njoo na mkasi wako wa kupogolea, wangu umeliwa na kutu.

Rafiki yako,
Mama Pendo