Kanuni ya moshi imtaje mwenye kichwa cha treni

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie moshi wa vichwa vya treni vya dizeli, ambao kila ukitajwa hapa Mwanza tunajibiwa kwamba reli ya kisasa ya umeme inakuja. Ni kweli kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, kinajengwa. Lakini mizigo bado inapita kwenye reli iliyofika hapa mwaka 1928, na mapafu hayasubiri mkandarasi. Tangu mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeuhesabu moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na kumruhusu kuidai mahakamani. Hofu yangu ni kwamba haki pana namna hiyo, isipofuatwa na kanuni inayotaja injini ya treni waziwazi, humwacha mlalamikaji mikono mitupu. Huko California, mwaka 2011 mashirika ya mazingira yalizishtaki kampuni za reli za Union Pacific na BNSF kwa kutumia sheria ya taka, yakidai kwamba masizi ya dizeli ni taka. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ikaamua kwamba kutoa moshi hewani si kutupa taka kwa maana ya sheria hiyo. Jimbo lilipopitisha kanuni yake mwaka 2023, iliyoweka kikomo cha dakika 30 kwa injini kunguruma treni ikiwa imesimama, kampuni za reli zilikwenda mahakamani kuipinga, na Januari 2025 jimbo likaondoa ombi lake kwa serikali kuu ya Marekani la idhini ya kuitekeleza kanuni hiyo.

Sisi hatuna mvutano wa jimbo na taifa. Ukiiacha reli ya TAZARA, tunayoimiliki pamoja na Zambia, kanuni moja ya waziri ingetosha, na ianze na kikomo hicho hicho cha injini zinazonguruma bure stesheni, kwa kuwa hakihitaji injini mpya na kinaokoa mafuta. Ila dereva asibebeshwe faini: mara nyingi haizimi injini kwa sababu betri zimechoka na anaogopa haitawaka tena, au upepo wa breki utapungua. Wajibu wa betri na matengenezo ni wa mwenye kichwa, na kanuni imtaje yeye.

Msomaji wako,
Igogo, Mwanza