Upepo wa Oktoba na safari za tanga Mikindani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashauri wakazi wa Mtwara, hasa sisi tuliokulia karibu na maji, tuirudie desturi ya kutembea baharini kwa chombo cha tanga pamoja na jamaa na marafiki, bila mzigo wala nyavu, kwa ajili ya mapumziko tu. Kwa sasa starehe hiyo tumewaachia wageni. Mtu wa Chikongola au Likombe akitamani bahari huishia kukaa ufukweni Shangani, na akivuka kwenda Msanga Mkuu hupanda kivuko au boti ya mashine, akafika kabla hajaiona bahari yenyewe.

Wapo wanaosema kwamba upepo ukiwa hafifu tanga halifai kitu, na kwamba kumtoa mtu asubuhi kwa mwendo wa pole ni kumpotezea siku. Sikubaliani nao hata kidogo. Upepo wa kusi, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na ule wa kaskazi wa Desemba hadi Machi, ndio uliowasafirisha wafanyabiashara wa Kilwa na wa ng'ambo, lakini hizo ni pepo za kazi. Baina yake, mwezi wa Oktoba na Novemba, bahari ya kwetu hutulia na mvua kubwa za msimu kwa kawaida bado hazijafika. Alfajiri umande hutoka nchi kavu na kukisukuma chombo nje taratibu. Mchana, ardhi ikishapata joto, matlai huvuma kutoka baharini na kukirudisha. Asiye na haraka huenda na kurudi bila kupiga bisho, yaani kwenda kombokombo dhidi ya upepo, na hata mtoto au mtu mzima asiyezoea mawimbi hatatapika.

Oktoba iliyopita tulitoka Mikindani kwa mashua, marafiki watupu, chini ya nahodha mzee ambaye hadi leo hajafunga mashine katika chombo chake. Hapo ndipo nilipoona ya kuwa upepo mdogo unadai ujuzi zaidi kuliko ule mkali. Mzee aliyatazama maji daima, akiufuata ule mkunjo mwembamba unaoonyesha mahali upepo unapopita, na tanga lilipolegea alituomba tuhamie upande wa demani, yaani ule usioelekea upepo, ili chombo kilale kidogo na tanga lijae kwa uzito wake lenyewe. Aliutaka mlango wa ghuba tuupite maji yakipwa, kwa kuwa mkondo wa pale ukikuelekea usoni huwezi kuushinda kwa pumzi ndogo ya umande. Kila mmoja wetu alipewa usukani kwa zamu. Mazungumzo yetu hayakupandishiwa sauti, kwani hapakuwa na mashine ya kushindana nayo, na mambo ambayo mjini hatukuwa tumeambiana kwa muda mrefu tuliambiana pale. Niongeze pia kwamba kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita katika pwani yetu, na chombo cha tanga hakiwatishi. Aliye kimya huweza kuisikia pumzi yao kabla ya kuwaona.

Ninaloogopa ni kwamba ujuzi huu utatuponyoka. Mji wetu husifiwa kwa Boma la Wajerumani na kwa Livingstone aliyeanzia hapa safari yake ya bara mwaka 1866, na ni haki usifiwe. Hata hivyo fundi anayejua kukalafati mashua, yaani kuziba nyufa za mbao zake, na kuipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na nahodha anayejua kutweka foromali, ule mti unaobeba tanga, kwa wakati wake, nao ni hazina ya Mikindani, na hawatapata warithi ikiwa vijana hawapandi vyombo hivyo isipokuwa kwa shida ya kutafuta riziki.

Usalama sitaki upuuzwe. Chombo kikaguliwe, kisijazwe watu kupita kiasi, kila abiria avae jaketi okozi hata kama anajua kuogelea, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isikilizwe kabla ya kung'oa nanga, kwani bahari shwari ya asubuhi si ahadi ya jioni.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani ikae na wenye mashua, wakubaliane nauli ambayo mwalimu, muuguzi au mkulima wa korosho anaweza kuimudu pamoja na wenzake siku ya Jumapili, na jaketi okozi ziwekwe palepale ufukweni. Ubandikwe pia ubao wa saa za maji kujaa na kupwa, kwa maana tofauti yake wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, hupita mita 3, na mashua iliyochelewa hulala juu ya mchanga hadi maji yarudi. Mipango hiyo ikianza sasa, Oktoba ijayo itatukuta tayari.

Wako msomaji,
Mkazi wa Mikindani, Mtwara