Mhariri, macho ya mtu wa kompyuta yapimwe kwa hela ya mwajiri, tena bila kusubiri aombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee macho yetu sisi tunaokaa mbele ya kompyuta kutwa, maana ikitajwa afya kazini utasikia mitungi ya kuzimia moto, helmeti, mabuti, ngazi zinazoteleza, lakini jicho linalokodolea skrini masaa nane kila siku hilo unaambiwa ni shida yako, kajipime mwenyewe, kwa hela yako, siku yako ya mapumziko.

Mi ni karani, kazi yangu kuingiza data, namba tupu asubuhi mpaka jioni, huu mwaka wa tisa. Miaka miwili iliyopita nikaanza kuona 3 kama 8. Sio muda wote, ilikuwa inaanza mchana kama saa tisa hivi, macho yanawasha, kichwa kinagonga hapa juu ya nyusi, nikiangalia mbali dirishani naona ukungu halafu baada ya muda unaondoka. Nikawa nasogeza kiti mbele, naongeza ukubwa wa maandishi, nasogeza tena. Siku moja nikakosea tarakimu moja kwenye malipo, nikaandikiwa barua ya onyo na neno walilotumia ni uzembe. Sikubisha, kwasababu hata mimi sikujua kama ni macho, nilijua nimechoka tu. Nilipokuja kupima, baada ya kuahirisha miezi na miezi maana hela ilikuwa inaenda kwenye mambo mengine, nikaambiwa nina astigmatizimu, yaani umbo la jicho haliko sawa kwahiyo vitu vinaonekana vimefifia, na jicho la kulia ndo baya zaidi, nikavaa miwani na 3 ikarudi kuwa 3. Ile barua bado iko kwenye faili langu.

Niseme ukweli hapa, skrini haipofushi mtu, hakuna ushahidi kwamba kompyuta inaharibu macho moja kwa moja, na anayewatisha watu hivyo hasaidii. Kinachotokea ni kwamba kasoro ndogo ambayo ungeishi nayo vizuri tu kwenye kazi nyingine, mbele ya skrini inakutesa. Halafu ukikodoa skrini unasahau kupepesa, kawaida mtu anapepesa mara kumi na tano hivi kwa dakika, kwenye skrini inashuka mpaka nusu au chini ya hapo, ndo maana jioni macho yanakuwa makavu kama yana mchanga.

Na ukishafika arobaini na kitu linakuja lingine, macho yanaanza kushindwa kusoma vya karibu. Hapo ofisini tuna mama mmoja wa uhasibu, kwenye hamsini na kitu, ana miwani yake nzuri tu ya kuonea mbali na kusomea kwenye lenzi moja. Ukimwangalia akifanya kazi kainua kidevu juu kama anachungulia nje ya ukuta, kwasababu sehemu ya kusomea iko chini ya lenzi na skrini iko usawa wa uso, kwahiyo lazima abinue kichwa ndo aone. Ikifika Alhamisi shingo haigeuki, ukimwita anageuka na mwili mzima. Miaka yote anatibiwa shingo! Dawa, kuchua, mto maalum wa kulalia, kumbe miwani ile ilipimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40, na skrini yake iko kama 60 au 70 na iko juu. Hakuna aliyewahi kumuuliza skrini yako iko mbali kiasi gani.

Wenzetu wa Ulaya hili walishaliweka kwenye sheria zamani. Agizo lao namba 90/270 ni la mwaka 1990, linasema mfanyakazi wa skrini ana haki ya kupimwa macho kabla hajaanza hiyo kazi, kisha kila baada ya muda, na tena akianza kusumbuliwa, na asilipie chochote. Uingereza kanuni zao za 1992 zilianza kazi Januari 1993, ukiomba mwajiri analipia kipimo, na kama unahitaji miwani maalum kwa ajili ya skrini analipia na hiyo pia. Desemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya mfanyakazi wa Romania aliyedai arudishiwe hela ya miwani, ikasema mwajiri anaweza kukupa miwani yenyewe au akakurudishia ulichotumia, ila hawezi kusema tayari imo kwenye nyongeza ya jumla ya mshahara. Hiyo naipenda sana, maana wangapi tumejibiwa kwamba hayo mambo yote yamo kwenye posho? Hata mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi.

Lakini kinachoniuma mimi hasa ni hilo neno "akiomba". Nani anaomba? Kijana wa mkataba wa miezi sita hawezi kwenda kwa bosi kusema sioni vizuri, anaogopa mkataba hautaongezwa. Yule mama wa uhasibu naye hawezi, ataonekana kazeeka. Mimi mwenyewe sikuomba, nikaishia na barua ya onyo. Ukisubiri mtu aombe, atakuja akiwa ameshaharibu kazi na kichwa kinamuuma mwaka mzima. Mpango uanzie kwa mwajiri, mtu anapoajiriwa kazi ya skrini apewe tarehe ya kupima kama anavyopewa kiti na nywila, na baada ya hapo arudi kwa muda atakaosema mtaalamu wa macho.

Na malipo jamani yaende moja kwa moja kwa mpimaji au mtu apewe vocha. Hii ya "lipa kwanza ulete risiti" inawafaa wenye hela tayari, sisi wengine kufika tarehe ishirini mfuko umekauka, na hata ukikopa ukalipa, risiti inazunguka meza tatu na miezi miwili. Kipimo kiwe ndani ya saa za kazi. Majibu yawe siri ya mfanyakazi, mwajiri aambiwe tu huyu anahitaji miwani ya skrini au hahitaji na arudi lini, basi. Mtu akigundulika ana presha ya macho au dalili za kisukari (na vinagundulika hivyo hivyo kwenye kipimo cha kawaida, presha ya macho mara nyingi haiumi kabisa mpaka imeshakula sehemu ya uoni) hiyo ni kati yake na daktari wake. Kabla hujaenda kwa mpimaji, pima kwa futi umbali wa jicho mpaka skrini, andika kwenye karatasi, mpe mpimaji. Dakika moja tu, na yule mama angeokoa shingo yake.

Kuna ofisi zinabandika ile chati ya herufi ukutani, watu wanapita mmoja mmoja wanasoma, wanaambiwa mko salama. Ile chati inapima kuona mbali, kazi yetu iko chini ya mita moja. Wengine wanagawa miwani ya kuzuia mwanga wa bluu kwa kila mtu, na mapitio ya tafiti yaliyotoka 2023 yalionyesha haisaidii kitu cha maana kwenye uchovu wa macho kwa muda mfupi. Hela hiyo hiyo ingepima watu.

Kwa wanaouliza faida, kuna utafiti ulichapishwa 2018 wa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi, waliopewa miwani ya kuonea karibu bure kazi yao iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 ukilinganisha na wenzao ambao hawakupewa. Najua chai sio kompyuta, ila hao wanatumia mikono na macho, na sisi kazi yetu karibu yote ni macho.

Sisi tumeandika barua kwa uongozi, tumesaini kumi na mmoja, na yule mama kasaini wa kwanza. Tumeomba tupangiwe tarehe za kupima, na tumeomba onyo langu litolewe kwenye faili kwasababu cheti cha mpimaji kipo. Bado tunasubiri jibu.

Ni mimi msomaji wako,
Karani wa data