Barua kwa mwanangu: bendi haijafa, watu wameondoka tu

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza, nikairudia usiku baada ya kuzima jenereta, na nimeona nikujibu kwa kuandika manake kwa simu utanikata katikati kama kawaida yako. Umesema bendi imekufa. Mpiga dramu amehamia kwa wale wa harusi wanaolipa kila Jumamosi, wa besi amepata viza anaenda kyeyo, yani kazi za nje, Dubai, mmebaki wewe na yule kijana wa solo, wawili kati ya wanne, na sasa unauliza kama mfunge tu kila mtu ashike njia yake.

Mimi sio mwanamuziki, unajua. Mimi ni mtu wa spika na waya. Lakini nimewafungia watu vyombo toka kabla hujazaliwa, harusi, kampeni, krusedi, sherehe za shule, na anayekaa nyuma ya miksa anaona mambo ambayo aliye stejini haoni, anaona nani haongei na nani, nani amechelewa makusudi, nani anahesabu pesa ya mwenzake kwa macho. Kwa hiyo nivumilie kidogo.

Hiyo ya "wanne wa mwanzo" ndo inakusumbua, nimesikia kwenye sauti yako. Hebu kumbuka mlivyoanza. Ulikuwa wewe na gitaa la mbao na yule wa solo, mnaimba Jim Reeves na Kenny Rogers kwenye anivasari za wazee, kwa sababu Uganda hii hakuna mzee asiyezijua hizo nyimbo, redio ilitulea nazo Jumapili asubuhi tukipiga pasi nguo za kanisani. Jim Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, mimi sijazaliwa, lakini bibi yako alimlilia kwenye redio kama shemeji yake aliyefariki wiki iliyopita. Bas, mlikuwa wawili na mlikuwa mnapendeza, lakini bendi bado. Alafu akaja huyo wa dramu kutoka kwaya, mkono mzito, kila wimbo anaupiga kama anatwanga mihogo, na yule wa solo ikabidi atafute gitaa la umeme ili asikike, na wa besi mlimlazimisha kushika besi manake hakuna aliyetaka. Hapo ndo kantri yenu ikawa kantri roki. Hamkukaa kikao mkaamua. Mtu mmoja mwenye mkono mzito aliingia na muziki ukageuka. Sasa kama mtu kuingia kulibadilisha muziki na ukafurahi, kwa nini mtu kutoka kuwe ni msiba?

Na hao mnaowaiga, unawajua walivyoishi? Mimi nimesoma habari zao sana, mtu wa sauti usiku mrefu hana kazi nyingine jenereta ikishatulia. Bendi ya Byrds kule Marekani ilimchukua Gram Parsons mwaka 1968, akawavuta wakaingia kantri mpaka shingoni, na mwaka huohuo akatoka. Miezi michache tu! Lakini santuri waliyotengeneza naye ndo watu wanaihesabu kati ya zile zilizofungua mlango wa kantri roki. Alafu kuna habari ya Randy Meisner, hii naipenda zaidi. Alikuwa besi wa kwanza wa bendi ya Poco, akaondoka kabla hata albamu yao ya kwanza haijatoka, wakamchukua Timothy Schmit mahali pake. Meisner akaenda zake, mwaka 1971 akawa mmoja wa wale wanne walioanzisha Eagles, ambao kabla ya hapo walikuwa wanampigia vyombo Linda Ronstadt, yani bendi kubwa vile ilianza kama watu wa kumsindikiza mwimbaji mwingine. Mwaka 1977 Meisner akatoka Eagles pia. Nani akaja mahali pake? Schmit yuleyule! Mara mbili mtu mmoja anarithi kiti cha mtu mmoja kwenye bendi mbili tofauti, na hakuna bendi iliyokufa kwa sababu hiyo.

Tena hao Eagles hawakuwa malaika. Bernie Leadon, yule wa banjo aliyekuwa anawashikilia kwenye kantri, alipochoka alimmwagia mwenzake Glenn Frey bia kichwani, akaondoka mwaka 1975, akaja Joe Walsh na gitaa la kelele na wakauza zaidi. Mwaka 1980 wakavunjika kabisa, 1994 wakarudi. Mimi muziki wa Leadon naupenda zaidi, nakwambia ukweli, Walsh ananichosha masikio. Lakini huwezi kusema alipotoka huyo basi waliobaki hawakuwa Eagles.

Ukisema hao ni Wazungu wana pesa, sawa, njoo hapa nyumbani. Bendi ya Afrigo ilianza mwaka 1975, wakati wa Amin, ikitokana na Cranes Band. Umeshawahi kufikiria kuendesha bendi Kampala miaka ile? Na ile iliyofuata? Moses Matovu na saksofoni yake bado wapo mpaka wajukuu wa mashabiki wamekuwa mashabiki. Waliopita pale ni wengi, Rachel Magoola aliimba pale, akatoka akajiimbia mwenyewe, mwaka 2021 akaingia Bunge kabisa. Afrigo wakaendelea na shoo.

Sasa tuje kwa lile ambalo hukulisema kwenye voisi lakini mama yako amenisimulia. Eti wa dramu amesema zile nyimbo tatu mlizotunga pamoja ni zake, na akienda anaenda nazo, na mkizipiga mumlipe. Hapa ndo nataka ukae chini, acha kulia, chukua kalamu. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ni ya mwaka 2006, na wimbo wenu ukishaandikwa au kurekodiwa unalindwa, hata kama hamjausajili popote, maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Aliyepiga tu dramu kwenye wimbo hajawa mtunzi kwa sababu hiyo, lakini kama alileta maneno au ile njia ya kuimba basi ana sehemu yake na msimdhulumu. Mnajua wenyewe nani alileta nini. Kaeni naye sasa hivi, bado mnaongea, kwa sababu mwaka kesho hamtakuwa mnaongea na kila mtu atakuwa anakumbuka tofauti. Andikeni kila wimbo, nani maneno, nani melodi, asilimia ngapi ngapi, wote muweke sahihi, mpige picha kila mtu abaki nayo kwenye simu. Mkitaka kwenda mbele zaidi URSB, ile ofisi ya serikali ya usajili, wanasajili hakimiliki, na jina la bendi nalo lisajiliwe palepale, kabla yule wa harusi hajalichapisha kwenye mabango yake. Na watunzi muingie UPRS, kile chama kinachokusanya pesa za nyimbo zikipigwa redioni na kwenye mabaa. Usiniambie hizo pesa ni kidogo. Hata kidogo kina mwenyewe.

Pesa za shoo pia. Nimeona bendi hapa Arua inagawana pesa nyuma ya pikapu usiku wa manane, gizani, wote wamechoka, mmoja anashika tochi ya simu, na kesho yake hawajuani. Gawaneni mchana. Kwanza toa usafiri, toa vyombo vya kukodi, toa nyuzi, kinachobaki ndo cha kugawa, na wote waone karatasi. Huyo wa dramu hakuondoka kwa sababu ya muziki, mwanangu, ameondoka kwa sababu Jumamosi ana uhakika atakula, na ukiwa mkweli huwezi kumlaumu. Mwache aende vizuri, siku harusi zikikauka (na Kwaresima zinakauka sana) atapiga simu.

Haya, pengo. Umesema kuna msichana wa endingidi, ile fidla yetu ya asili, amekuja mazoezini mara mbili na hujui umweke wapi. Wewe! Bendi za kantri zinatafuta fidla, nyinyi mmeletewa endingidi mlangoni na unauliza pa kuiweka. Iweke pale mlipokuwa mnatamani gitaa la stili ambalo hamtalipata Kampala na mkilipata hamtaweza kulilipia. Ina uzi mmoja tu, lakini huo uzi unalia, na kantri bila kitu cha kulia sio kantri. Shida yake itakuwa sauti, najua, nimepambana nazo. Maiki ukiisogeza karibu sana inapiga mluzi, ukiiweka mbali inaokota kila kitu isipokuwa endingidi. Fanya hivi: maiki iwe pembeni kidogo, iangalie lile bomba na sio upinde, geini shusha, besi kwenye miksa ikate yote manake chini kule endingidi haina kitu, ni mtetemo tu wa steji, alafu msichana asisimame mbele ya monita. Akipenda kutembeatembea huku anacheza, muongeleshe taratibu.

Kwa besi nina wazo langu na yule wa solo atalikataa, mwache akatae alafu mjaribu. Huku kwetu West Nile hakuna kwaya isiyo na adungu, kile kinubi chetu cha ngozi, na adungu kubwa ile ya chini inabeba besi ya kanisa zima bila umeme. Kuna vijana wa Nebbi huko Kampala wanajua kuipiga na hawana kazi. Kitu kimoja mjue mapema: adungu inatuniwa kwenye skeli moja, hawezi kuruka kutoka G kwenda E bemoli kwa sababu koo lako limeamka vibaya. Kwa hiyo nyie wa gitaa ndo mtamfuata yeye, nunua kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, ifunge kwenye freti inayokubaliana naye, na mpange shoo ili nyimbo za ki (key) moja zikae pamoja. Ile ngozi pia inasikia hali ya hewa. Jua kali inakaza, mvua ikinyesha inalegea, kwa hiyo atuni dakika ya mwisho, sio asubuhi kwenye taksi. Dramu msiharakishe kutafuta, pigeni mwezi au miwili bila, msikie nyimbo zenu zinasemaje zikiwa uchi. Zingine zitakufa. Zife tu.

Kuhusu ndoto zenu, mama yako anaogopa hiyo habari ya kwenda Nashville, mji wa kantri kule Marekani, mimi siogopi, nashangaa tu mpangilio. Dusty & Stones, wale binamu wawili wa Eswatini, nchi ndogo kuliko hata Uganda yetu, walifika Nashville wakarekodi. Sir Elvis yuko hapo Nairobi anaishi kwa kantri. Kwa hiyo njia ipo. Lakini hao walikwenda na nyimbo zao, na nyie mna nyimbo tatu zenye ugomvi na ishirini za watu. Ukienda Nashville kuwaimbia Kenny Rogers si watakuuliza kwani hapa hatuna? Tungeni kwanza. Na acha hiyo ya Texas na farasi, farasi umemwona wapi wewe? Andika dereva wa lori aliyelala Elegu mpakani foleni haitembei na simu imeisha chaji. Andika nyani wa Karuma wanaosubiri ndizi barabarani. Andika mwaka 2024 walipofunga daraja la Karuma kulikarabati na watu wa huku tukawa tunazunguka mbali kufika Kampala, kuna watu walikosa mazishi. Ng'ombe tunao, barabara ndefu tunazo, mama anayesubiri nyumbani yupo, hiyo ndo kantri yote, iliyobaki ni kofia. (Kofia pia naomba mpunguze, mmekaa kama walinzi wa hoteli.)

Mkipata nyimbo kumi zenu zenye karatasi, zungukeni nazo huku nje kwanza, Jinja, Mbale, Lira, Gulu, mje mpaka Arua nitawafungia vyombo bure, ila mafuta ya jenereta mtalipa. Mahali ambapo watu hawawajui ndo mtajua wimbo upi unasimama wenyewe. Nairobi baada ya hapo, kwa basi, sio kwa ndege ya mkopo. Hiyo ya Nashville tutaiongelea ikifika.

Yule wa besi anasafiri lini? Kabla hajapanda ndege hakikisha mmemalizana na ile amplifaya mliyonunua kwa kuchanga, ama mumrudishie sehemu yake ama akubali kwa maandishi kwamba inabaki kwenu. Asije akapigiwa simu Dubai saa nane za usiku kuulizwa amplifaya. Na usiache kumuaga vizuri, ni mtoto mwenye heshima, mama yake tunamfahamu.

Ijumaa nakutumia kwa basi la usiku waya mbili ndefu na ile maiki ndogo ya kubana kwa ajili ya endingidi. Boksi lina jina lako, nenda na kitambulisho, na ukifika nyumbani jaribu waya zote kabla hujanipigia kwamba moja haifanyi kazi, manake mara nyingi ni wewe hujaisukuma mpaka mwisho.

Baba yako