Ile Miti ya Baba Inapiga Mluzi Kweli

Dar es Salaam,
16 Julai

Shoga yangu kipenzi,

Assalaam aleykum. Natumai hamjambo wewe na wanao, na kwamba joto la Maskati halijawafungia ndani mchana kutwa. Sisi huku kusi linavuma, usiku tunajifunika blanketi.

Ama baada ya salamu, nimerudi kutoka Saadani, na kuna jambo nimeshindwa kukwambia kwa simu. Ningeanza kulia, nawe ungeanza, na maneno yangeishia hapo. Kwa hiyo nakuandikia.

Ile miti ipo. Ile ya Baba yako, ambaye nami namwita Baba.

Unakumbuka jioni zile barazani kwenu Pangani, Baba kavua buti, kanyoosha miguu, anatusimulia kuwa kule ranchi Mkwaja kuna miti inayopiga mluzi? Kwamba upepo wa kusi ukishika, mbuga nzima inalia, na ng'ombe wanainua vichwa kusikiliza? Wewe ulikuwa ukimuuliza, "Na ng'ombe nao wanaitikia, Baba?" kisha tunacheka mpaka Mama anatufukuza. Baba hakuwa akikasirika. Anasema tu, "Ipo siku mtakwenda." Basi mmoja wetu amekwenda.

Safari yenyewe aliianzisha somo yako. Kaka yake alimwachia gari, Prado ya zamani lakini injini yake nzima, naye akanipigia wiki mbili kabla ya Sabasaba: sikukuu inaangukia Jumatatu, tukalale porini. Pori gani? Popote, mradi pawe na bahari. Nikamwambia kama ni pori na bahari kwa pamoja basi ni Saadani, maana huku bara ndiyo hifadhi ya taifa pekee ambayo ufuo wake ni Bahari ya Hindi. Habari za Baba sikumwambia. Nilitaka kwanza nipaone mwenyewe Mkwaja, ambayo sasa imo ndani ya hifadhi hiyo.

Tulipakia hema la kuazima, mikeka miwili, jiko na nusu gunia la mkaa, kwa sababu kuni haziokotwi ndani ya hifadhi. Galoni nne za maji, mchele, nazi, ndimu. Nguo nilichagua za rangi ya kaki. Baba si alikuwa na mashati mawili tu ya kazi, yote kaki? Alikuwa akisema mbung'o anapenda buluu na weusi kuliko anavyopenda damu. Nikamweleza somo yako, lakini alivaa jinzi yake ya buluu hivyo hivyo. Tulipoingia ndani ya hifadhi vioo vikiwa wazi, wakamjia yeye wote, mimi wakaniacha. Alibadilisha suruali mle mle garini.

Tulitoka Dar alfajiri ya Jumamosi, tukapita Bagamoyo, tukakunja kuelekea Msata, lami tupu. Pale Wami, lile daraja jembamba la gari moja moja, ambalo basi la Tanga likilikaribia watu wote wananyamaza na wengine wanasoma dua, sasa limebaki pembeni. Jipya ni pana, tumelivuka tukizungumza. Mandera tukaiacha lami, tukashika kulia kwenda Miono. Kutoka hapo ni kama kilomita 60 mpaka Saadani, vumbi jekundu kwanza, halafu ardhi inageuka nyeusi na njia inanyooka kati ya nyasi ndefu, mpaka unaanza kuisikia harufu ya chumvi. Langoni hawapokei fedha taslimu, jambo hilo ulijue ukija.

Kambi iko ufukweni kabisa. Tuliweka hema chini ya miti, mlango ukiangalia maji, na kabla jua halijachwa tukaenda kijijini Saadani kununua kamba. Nadhani sijala kamba watamu kama wale: tumewachoma kwenye mkaa na ganda lake, ndimu na pilipili, basi. Kijiji ni kidogo, nyavu zimeanikwa, watoto wanacheza mpira. Ukikiona huwezi kudhani kuwa misafara ya pembe kutoka bara ilikuwa ikishukia hapo, na kwamba Bwana Heri bin Juma aliwakatalia Wajerumani hapo hapo, wakati Abushiri anawakatalia kwenu Pangani. Wajerumani waliupiga mji huu mizinga kutoka baharini mwaka 1889. Mzee aliyetuuzia kamba aliposikia nina ndugu Wazigua, alinizidishia wengine wanne akakataa kuongezwa hela.

Usiku ule sikulala sana, na sikutaka. Bahari upande mmoja, upande wa pili fisi, halafu mbali sana simba, sauti yake unaisikia kifuani kabla ya masikioni. Somo yako alinishika mkono mpaka usingizi ulipompitia. Asubuhi tulipofungua hema tukakuta tembo wamepita kati yetu na maji. Wenyewe hatukuwaona. Tuliona nyayo tu, pana kama sinia, zimejaa maji ya bahari, zinakwenda kaskazini zikifuata mchanga mgumu. Maji yalikuwa yanajaa. Tulisimama na chai mkononi tukaangalia mawimbi yakizifuta moja baada ya nyingine, mpaka pakawa kama hakupita mtu.

Mto Wami nitakusimulia siku nyingine; viboko ni wengi mno na kijana wa mashua anawafahamu kila kundi na makao yake. Nataka nifike Mkwaja.

Jumapili baada ya mto tuligeuza gari kwenda kaskazini, na askari wa hifadhi tuliyemwomba atuongoze. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kidogo, mvua ya mawingu mepesi tu, sisi hatukuijali. Ile ardhi nyeusi ikilowa ni utelezi kama sabuni. Gari likaserereka, likaingia ubavu kwenye tope, tairi mbili zikazama. Tulichimba kwa jembe, tukatanguliza matawi, tukatanguliza mkeka wangu mmoja (Mungu aurehemu), bila mafanikio, kwa muda wa karibu saa mbili. Mbung'o nao hawakutuonea huruma. Kisha likaja lori kutoka kwenye majaruba ya chumvi, vijana sita juu ya magunia. Walishuka wote bila kuombwa, wakafunga kamba, wakatuvuta, wakacheka na sisi, wakaondoka. Hawakutaka hata maji. Nimekuwa nikiwafikiria tangu siku ile.

Sasa sikiliza. Huyu askari ni mtu mzima, karibu na kustaafu, na tulipovuka kuingia sehemu iliyokuwa ranchi nilimwona anabadilika, anaanza kusema kwa sauti ya chini. Akatuonyesha lilipokuwa zizi, akatuonyesha lambo. Nikamuuliza aliijuaje. Akasema yeye alikuja kijana, ranchi bado ipo; aliiona ikifungwa mwaka 2000, na ardhi yake baadaye ikaunganishwa na pori la akiba, hata hifadhi ilipotangazwa mwaka 2005 nayo ikawa ndani. Karibu nusu karne ya ng'ombe, shoga yangu. Alisema kilichowashinda zaidi ni mbung'o. Maelfu ya ng'ombe, na kila ng'ombe lazima adungwe sindano ya nagana, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o, tena na tena, na bado wanakufa. Nikamkumbuka Baba, kile kisanduku chake cha sindano ambacho hatukuruhusiwa kukigusa.

Na cha pili, akasema, ni miiba. Hili hata Baba alilisema, ila tulikuwa wadogo hatukuelewa: kwamba nusu ya kazi yake ilikuwa panga. Askari alitufafanulia vizuri. Ng'ombe wanakula nyasi, nyasi zikipungua moto wa kiangazi unakosa cha kuunguza, na moto ukikosa nguvu miche ya miiba haifi. Kwa hiyo kadiri walivyofuga, ndivyo miiba ilivyoongezeka. Wanakata, inachipua. Ile mikono ya Baba iliyojaa makovu, ambayo Mama alikuwa akiipaka mafuta ya nazi usiku, nilidhani ni ya pembe za ng'ombe.

Miti yenyewe ni migunga myembamba, mirefu kidogo kuliko mtu, inasimama mmoja mmoja kwa maelfu, gome lake la manjano manjano. Miiba yake mingine chini imevimba ikawa kama vibuyu vidogo vyeusi. Ndani ya vibuyu wanaishi sisimizi. Wanatoboa tundu la kuingilia, na ukigusa tawi wanamiminika nje kukupigania. Askari alituambia tuzime gari. Tukazima. Tukakaa kimya, kwanza nikasikia injini inavyopoa, nikasikia ndege. Kisha kusi likaja kutoka baharini, nikaliona kwanza kwenye nyasi, halafu likafika kwenye miti.

Inapiga mluzi. Wallahi inapiga mluzi. Si mkali, ni mwembamba, wa sauti nyingi kwa pamoja, kila kibuyu na sauti yake kwa sababu kila tundu na ukubwa wake. Upepo ukizidi unapanda, ukilegea unashuka, na unatoka pande zote huwezi kusema mti gani. Twiga watatu walikuwa mbele yetu, wakainua vichwa. Nikamsikia Baba. Nilimsikia kabisa, "Ipo siku mtakwenda," na nikalia garini mbele ya askari wa watu. Ikabidi nimweleze. Nikataja jina la Baba.

Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Yule wa baiskeli nyekundu?"

Mimi sikujua kuwa Baba alikuwa na baiskeli nyekundu. Wewe ulijua? Alisema Baba alikuwa akitoka lambo mpaka zizini na baiskeli, ndama mgonjwa kambeba begani, anaendesha kwa mkono mmoja. Alisema siku ng'ombe wa mwisho wanapakiwa kwenye malori, Baba alibaki peke yake zizini anafagia. Zizi halina kitu, na yeye anafagia. Nimefikiria kama nikuandikie hili au nisikuandikie. Nimeona ni lako, si langu kulificha. Wewe siku zote ulisema Baba alirudi kutoka Mkwaja amekasirika, ndiyo maana hakutaka tena kuizungumzia. Mimi sasa naona alikuwa na msiba.

Usiku wa pili tulilala upande huo huo wa kaskazini, karibu na Madete. Ndipo kasa wanapotaga. Jua lilipokuwa linazama askari alitupeleka kwenye kiota kilichozungushiwa vijiti, mayai yake yalikuwa yamekaa mchangani karibu miezi miwili. Alituzuia kuwasha tochi hata simu, kwa sababu wale wadogo wanafuata mwanga wa bahari, na mwanga mwingine unawapoteza. Mchanga ukatikisika. Wakatoka mmoja, wawili, kisha wote kwa mara moja, weusi, wadogo kuliko kiganja cha mtoto, wakaelekea majini bila ya kuonyeshwa na yeyote. Somo yako alitembea nyuma yao akisema "haya, haya, haya" kwa sauti ya kunong'ona, kama bibi anayemfundisha mjukuu kutambaa, mpaka wa mwisho alipobebwa na wimbi. Hilo peke yake lilitosha safari.

Jumatatu tukatokea Mkwaja kijijini, tukafuata pwani kupitia Kipumbwi mpaka Bweni, tukavuka na kivuko kuingia Pangani. Mama hakujua kama tunakuja. Alhamdulillah ni mzima, goti tu ndilo linamsumbua, na ile dawa uliyotuma anaitumia. Alitupikia samaki wa kupaka, akanilaumu nimekonda.

Usiku nikamtolea simu. Nilikuwa nimerekodi, dakika mbili na nusu, mwanzoni upepo umeingia mno lakini katikati inasikika safi. Sikumwambia ni nini. Akaiweka sikioni, akafumba macho. Ilipokwisha akaniambia, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu akairudisha mwenyewe, hajawahi kuishika simu ile.

Kisha akaniuliza, "Lambo lina maji?"

Nikamwambia lina maji, Mama. Tulikuta pofu wanakunywa.

Akasema, "Alilichimba miaka miwili," akaenda kulala.

Sauti nimekutumia kwenye simu leo asubuhi. Usiifungue kazini. Na tarehe za likizo yako niandikie mapema, si Aprili wala Mei kwa sababu masika inafunga zile njia. Kama ni Julai ijayo, gari kaka yake somo yako ameshakubali, na Mama amesema goti au si goti naye atapanda.

Nisalimie wote huko, umbusu yule mdogo kwa niaba yangu.

Ni mimi shoga yako wa baraza lile lile.