Mzee wa kwenye picha ana jina

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu enzi zile nakala moja inazunguka duka zima na ukurasa wa michezo unakufikia ukiwa umelowa mafuta ya mandazi. Miaka yote hiyo sijawahi kuandika. Mlituchapia msimamo wa ligi wa wiki iliyopita, nikanyamaza. Mlimpandisha cheo mbunge wetu akawa waziri kwa siku nzima, nikacheka tu. Lakini makala yenu ya juzi kuhusu rodeo za Marekani imenitoa pangoni.

Bila shaka unaikumbuka, maana mliipa kurasa mbili za katikati. Mwandishi anatueleza kwamba kupanda farasi wakali ni mchezo wa wazungu wachunga ng'ombe, na kwamba wenyeji wa nchi ile "hunogesha sherehe kwa ngoma zao". Kisha mkatia picha ya kale ya bwana mmoja mrefu, kofia pana, nywele zimesukwa na kufungwa chini ya kidevu, na chini yake mkaandika: "Mwenyeji wa Marekani akiwa katika mavazi ya kitamaduni."

Bwana huyo ni Jackson Sundown, bingwa wa mwaka 1916 wa Pendleton Round-Up, rodeo kubwa ya mji wa Pendleton. Mimi ni dereva wa lori, naishi Boise, Idaho, na njia yangu ya kwenda Portland inapita Pendleton, jimbo la Oregon. Sanamu yake ya shaba iko pale mjini kwenye barabara kuu, mtu yeyote mwenye macho anaiona. Si siri ya serikali.

Alizaliwa mwaka 1863 katika watu wa Nez Perce, kabila la wenyeji wa Marekani ambao walikuwa wafugaji hodari wa farasi kabla mwandishi wenu hajasikia neno rodeo. Alikuwa mpwa wa Chifu Joseph, mmoja wa viongozi wao. Mwaka 1877, akiwa kijana wa miaka 14, jeshi la Marekani liliwaandama watu wake, akina mama na watoto wakiwemo, wakavuka milima na kundi lao la farasi hadi Montana, wakazingirwa zikiwa zimebaki kama kilomita 65 tu wafike mpaka wa Kanada. Joseph akasalimu amri. Kijana huyu akapenya, akavuka. Baadaye alirudi, akaishi miaka mingi Montana akifuga na kufunza farasi, na mwaka 1910 akahamia Idaho, ambako alioa, akawa na shamba lake la mifugo mahali paitwapo Jacques Spur. Huyo ndiye "mwenyeji wa Marekani" wenu.

Sasa tuje kwenye hayo mavazi. Ile kitu ya manyoya miguuni, Mhariri, ni ngozi ya mbuzi ya kukinga mapaja na baridi. Wachunga ng'ombe wa kaskazini waliivaa kazini, wazungu kwa wasio wazungu. Kofia ni ya jua. Glavu ni za kushikia kamba. Mtu amevaa nguo za kazi, tena kazi aliyoijua kuliko karibu kila mtu aliyekuwa uwanjani siku hiyo, nanyi mnamwambia msomaji kwamba amejipamba kwa ajili ya ngoma! Mngempiga picha fundi makanika na ovaroli yake mngesema amevaa mavazi ya kitamaduni? Na mwandishi anajuaje kwamba rodeo ni mchezo wa wazungu? Mwaka 1911, fainali ya hapo hapo Pendleton iliwakutanisha watu watatu: Sundown, George Fletcher ambaye alikuwa mtu mweusi, na John Spain mzungu. Farasi wa Sundown aligongana na farasi wa mwamuzi, mzee akaanguka. Taji akapewa Spain. Watazamaji wengi waliona wazi kwamba Fletcher ameonewa, wakapiga kelele, mpaka Sherifu Til Taylor akachukua kofia ya Fletcher, akaikata vipande vipande na kuviuza pale pale ili Fletcher asiondoke mikono mitupu. Hadithi tamu namna hiyo ipo, ina watu, ina majina, ina hila za waamuzi ambazo sisi mashabiki wa kandanda tungezielewa bila mkalimani, halafu gazeti linatupa "hunogesha sherehe kwa ngoma zao".

Mwaka 1916 Sundown alikuwa na miaka 53 na alikwisha sema basi, hashindani tena. Mchongaji Alexander Phimister Proctor, ambaye alikuwa akimtumia kama kielelezo cha sanamu, ndiye aliyembembeleza aingie mara moja tu zaidi. Akaingia. Wapinzani wake wengi wangeweza kuwa wanawe. Fainali akapewa farasi aliyeitwa Angel, jina la dhihaka bila shaka, akakaa juu yake mpaka mwisho, na uwanja ukalipuka. Zawadi ilikuwa tandiko. Walipomuuliza waandike jina gani juu yake, alitaka liandikwe la mkewe. Alifariki kwa nimonia Desemba 1923, miezi michache kabla ya sheria ya Juni 1924 iliyowapa wenyeji wote uraia wa Marekani. Hilo nalo lingetosha kuwa makala, lakini labda halina picha nzuri.

Utauliza mimi, mtu wa Kajiado, Kenya, yananihusu nini. Yananihusu kwa sababu babu yangu, mzaa baba, alifanyiwa hayo hayo. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali walikuja waandishi na gari lao, wakampiga picha ameegemea fimbo langoni pa boma, ikatoka gazetini (sisemi lipi): "Mfugaji akitafakari hatima yake." Hatima ipi? Babu alikuwa akiangalia ng'ombe wanavyoingia. Hakuwa akiwahesabu. Aliwatazama tu wakipita, kisha akasema yule wa madoa meupe shingoni hayupo, na kijana akatumwa kumfuata bondeni. Mpiga picha alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo na hakuuliza lolote. Angeuliza, angeambiwa kwamba mzee huyo ujana wake alikimbia mbio za wilaya peku wakati wa mkoloni, akashinda blanketi, na blanketi lenyewe lilikuwa ndani, la kijivu lenye mstari mwekundu, limetobolewa na cheche za moto na bado hataki mtu alikalie. Babu aliomba asomewe maneno ya chini ya picha. Aliposikia, aliuliza kama yule kijana wa kamera ana ng'ombe. Akaambiwa hana. Akasema, "Ndiyo maana."

Kwenu mfugaji huonekana mifugo ikifa kwa ukame au ikiibiwa kwa bunduki. Mwanariadha naye huonekana akiwa na medali shingoni. Mtu mmoja akiwa vyote viwili, mnachanganyikiwa. Hata Daniel Rudisha wa Kilgoris, aliyeleta nishani ya fedha ya kupokezana vijiti kutoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, siku hizi anatajwa kama baba yake David, yule mkimbiaji wa mita 800, basi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha niseme na hili la matangazo ya vifo, ambayo mnayatoza kwa sentimita kama vitambaa. Babu alipofariki, tangazo lilijaa majina yetu sisi tulio hai: baba ya fulani wa Nairobi, babu ya fulani wa Boise, Marekani, baba mkwe ya fulani wa benki. Niliposoma nilijiona mimi ndiye niliyekufa. Mbio hazikuwemo, ng'ombe hawakuwemo. Binamu aliyelipia aliniambia sentimita ziliisha. Kwa bei ile, namwelewa.

Ninachotaka ni kidogo. Ichapisheni tena picha ile ile, ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule, na chini yake muandike hivi: "Jackson Sundown, mfugaji wa Jacques Spur, Idaho, bingwa wa kupanda farasi wakali, Pendleton, 1916. Amevaa nguo za kazi." Nimeshawaandikia, hamna haja ya kumtuma mtu. Pia, mpiga picha yeyote wa gazeti lako anayetumwa kwa wafugaji apewe daftari na kalamu, na asilipwe posho ya safari mpaka arudi na jina la mzee, la baba yake, na la ng'ombe mmoja angalau.

Kama nafasi ni shida, ondoeni ukurasa wa nyota kwa siku moja. Wenye nyota ya Ng'ombe hawatadhurika kwa kukosa kuambiwa kwamba pesa zinakuja kutoka wasikotarajia.

Msomaji wenu,
Boise, Idaho