Barua kwa mpwa wangu anayekwenda Namilyango

Mpwa wangu,

Mama yako alinipigia simu huku akipiga vigelegele, nikachelewa kuelewa kwamba umechaguliwa Namilyango, shule ya bweni ya wavulana hapa Uganda. Hongera sana, kijana wetu. Sanduku la bati, godoro na ndoo nitanunua mimi, hayo tumeshakubaliana naye. Nakuandikia jambo jingine, tena hadharani, kwa sababu wako vijana wengi wa kambi za polisi na jeshi wanaoingia shule kongwe kama hiyo bila mtu wa nyumbani kuwaeleza zilikotoka.

Shule hiyo haikujengwa kwa ajili yetu. Mapadre wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki wa Uingereza, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, waliifungua mwaka 1902 ili kuwasomesha wana wa machifu. Wakati ule mtu wa ukoo wetu angefika kilimani pale kupeleka mizigo tu. Nakwambia hivyo ili ukimkuta mwenzako ambaye baba na babu yake walisoma hapo, usijione mgeni wala usimwonee wivu. Nafasi yako umeipata kwa mtihani, na ni halali yako kama ilivyo yake.

Mapadre hao nao walikuja kwa sababu ya vita. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, palipokuwa na makao ya mfalme, na Kapteni Lugard, ofisa Mwingereza, na bunduki yake ya Maxim akawa upande wa Waprotestanti, wakashinda. Watu waliziita pande hizo Wafaransa na Waingereza, kwa kuwa dini ya Kikatoliki ililetwa na Mapadre Weupe kutoka Ufaransa. Mkatoliki akaonekana ni mtu wa Ufaransa, na waliokuwa wakiitwaa nchi ni Waingereza. Roma ikaona dawa ni kuleta mapadre Wakatoliki kutoka Uingereza yenyewe. Mwaka 1895 Hanlon na wenzake wakafika, wakaweka makao yao Nsambya, na miaka saba baadaye wakaanzisha shule yako.

Wengine hawakukaa kimya. Mwaka 1906 Waanglikana walifungua shule ya Budo, kwenye kilima wanakosimikwa Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, na mwaka huohuo Mapadre Weupe wakaanza kule Rubaga shule ambayo leo ni St. Mary's Kisubi. Shule ya Mwiri, alikosoma Obote aliyekuja kuwa rais, ilifuata mwaka 1911. Kila upande ulitaka kuwalea viongozi wa kesho. Kwa hiyo ukiwa pembeni mwa uwanja wa raga, ukasikia wenzako wakiimba dhidi ya Kisubi hadi sauti zinakauka, ujue ushindani huo una mizizi mirefu. Imba nao! Mimi naupenda sana wimbo wa uwanjani. Waliotangulia walishindana kwa risasi, ninyi mnashindana kwa mpira, na mechi ikiisha mnapeana mikono.

Kaulimbiu ya shule ni Nisi Dominus, maneno ya Kilatini yanayofungua Zaburi ya 127: "Bwana asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure." Isome zaburi yote kabla hujaondoka, ni fupi. Utaitwa Mngonia, jina la kila aliyesoma Namilyango, pamoja na wenzako, na jina hilo litakufuata ofisini, harusini na msibani. Shule nyingine zina yao: Nyakasura kule Fort Portal, iliyoanzishwa mwaka 1926 na Kamanda Calwell, wavulana huvaa sketi za Kiskoti kwenye sherehe. Ntare kule Mbarara, ya mwaka 1956, Museveni na Kagame wote wamepita humo. Undugu wa waliosoma pamoja ni kitu chenye nguvu kubwa nchini kwetu. Ukiutumia kumlipia karo mtoto asiye na kitu, umefanya vizuri. Ukiutumia kumpa kazi asiyeiweza kwa sababu mlilala bweni moja, umemdhulumu mtu mwingine.

Sasa nisikilize vizuri. Katika shule nyingi za bweni hapa Uganda utasikia kwamba kumpiga mtoto wa Senia Wani, yaani kidato cha kwanza, kumfulisha nguo za wakubwa au kumnyang'anya sukari yake ni mila. Si mila. Mila ni misa ya asubuhi, ni wimbo wa shule, ni kumsimamia mgonjwa bwenini, ni kuvaa jezi ya shule ukijua wako waliokutangulia kuivaa. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni hata kwa mwalimu, sembuse kijana wa kidato cha nne! Akikuonea mtu, mwambie mwalimu wa bweni, na uniambie mimi. Hakuna atakayekuita mwoga nyumbani kwetu. Na utakapofika Senia Tuu ukamwona mdogo akionewa, nakuomba kwa jina la babu yako usipite ukaangalia pembeni.

Jambo la mwisho ni Kiswahili chako. Babu yako alikitumia kazini polisi miaka yote, na sisi watoto tulikulia nacho hapa Naguru, mtaa wa Kampala wenye kambi ya polisi, wakati ambapo mitaani Kampala wengi walikiona ni lugha ya askari na ya kuporwa. Walikuwa na sababu, maana waliteseka mikononi mwa askari. Lakini mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa hiyo mwenzako akitatizwa na ngeli, kaa naye umfundishe, naye akusaidie hesabu au Kiluganda.

Siku ya kutembelewa tutakuja watatu: mama yako, mimi na babu. Chapati mama yako ameshaahidi. Barua yako ya kwanza mwandikie babu, tena kwa Kiswahili, aisome mwenyewe bila kusubiri mtu wa kumtafsiria. Mweleze bweni lako, nani analala kitanda cha juu, na kama posho, yaani ugali, ya huko imeiva sawasawa.

Mjomba wako,
Naguru